Sikio Haliumwi Peke Yake

Mhadhara kwa wazazi, walimu na wakazi wa Igoma, Mwanza

Najua kwa wengi wenu mchana kama huu ni saa ya biashara, na mmeiacha kuja kunisikiliza. Nitajitahidi muda wenu usipotee.

Nimeombwa nizungumzie magonjwa ya sikio, pua na koo. Mkifika hospitali kubwa mtakuta magonjwa haya matatu yanatibiwa kwenye kliniki moja na daktari wa aina moja. Sababu yake iko katika maumbile yetu. Nyuma ya pua, juu ya kaakaa, kuna uwazi ambao huwezi kuuona hata ukijiangalia kwenye kioo umeachama. Hapo ndipo pua inapokutana na koo. Na hapo hapo, kulia na kushoto, inaanzia mirija miwili myembamba inayokwenda hadi ndani ya masikio, nyuma ya ngoma ya sikio. Kila unapomeza mate mirija hiyo hufunguka kidogo na kuingiza hewa. Aliyewahi kupanda ndege, masikio yakaziba, kisha akameza mate yakazibuka, ameihisi mirija hiyo ikifanya kazi. Kwa hiyo sikio, pua na koo ni vyumba vitatu vya nyumba moja vyenye milango ya ndani kwa ndani, na ugonjwa ukiingia kimoja unaweza kutokea kingine.

Nataka mlikamate hilo kabla ya yote, kwa sababu madhara mengi ninayoyajua katika kazi hii yametokana na kutibu mahali panapoonekana na kuacha mahali ugonjwa ulipoanzia. Mtoto anakohoa, anakatwa kimeo. Sikio linatoa usaha, linamwagiwa mafuta ya moto, na pua iliyoziba kwa miezi hakuna aliyeitazama.

Nianze na sikio linalotoa usaha, kwa kuwa ndilo ninalolionea uchungu kuliko mengine yote.

Kwa mtu mzima ule mrija ni mrefu na umeinama kwenda chini. Kwa mtoto mdogo ni mfupi, mpana, na umelala karibu sambamba na ardhi. Mtoto akipata mafua, vijidudu vya puani vina safari fupi sana kufika sikioni. Maziwa pia yanaweza kupita njia hiyo mtoto akinyweshwa kwa chupa huku amelala chali, na ndiyo maana tunashauri mtoto anyonye kichwa kikiwa kimeinuliwa. Basi vijidudu vikifika, sikio la kati linajaa majimaji, kisha usaha. Usaha hauna pa kutokea, unaisukuma ngoma ya sikio, na hayo ndiyo maumivu yanayomliza mtoto usiku kucha akivuta sikio lake. Homa inapanda. Wengi hapo hudhani ni malaria, wanampa dawa ya malaria bila kupima.

Siku ya pili au ya tatu ngoma inaweza kupasuka. Usaha unatoka, presha inashuka, mtoto analala. Mama anaona shuka lina doa la manjano, anaona mtoto ametulia, anamshukuru Mungu kwamba amepona. Kumbe ndio kwanza kazi imeanza. Ngoma iliyopasuka, mtoto akitibiwa vizuri, mara nyingi hujiziba yenyewe ndani ya wiki chache. Isipotibiwa, tundu linabaki wazi, na sikio linaendelea kutoa usaha wiki baada ya wiki. Kipimo tunachokitumia kwa watoto ni siku 14. Usaha uliotoka kwa siku chini ya hizo ni ugonjwa mpya, na kwa kawaida mtoto huhitaji dawa ya kumeza iliyoandikwa na tabibu. Ukifika siku 14 au zaidi, tayari ni ugonjwa sugu, na matibabu yake ni mengine.

Katika mitaa yetu nimekuta watoto wa miaka 8, miaka 10, masikio yao yanatoa usaha tangu hawajaanza kutembea. Ukimwuliza mzazi, anajibu kwa utulivu kwamba ni la utotoni, litakauka akikua. Na kweli kiangazi kikifika linakauka kwa muda. Mvua zikianza, au mtoto akishuka ziwani kuogelea na wenzake, linarudi. Wazazi wenzangu, naomba hili mnisikie vizuri: hakuna usaha wa sikio ulio wa kawaida kwa umri wowote. Ndani ya sikio la kati kuna vifupa vitatu vidogo sana, na kazi yake ni kupitisha sauti. Usaha wa miaka unavila. Nyuma ya sikio kuna mfupa wenye vitundu vya hewa, nao usaha unaweza kuuingia. Na juu kidogo tu ya hapo, ukuta mwembamba wa mfupa unatenganisha sikio na ubongo. Wapo watoto waliokufa kwa jipu la ubongo lililoanzia kwenye sikio ambalo familia nzima ilikuwa imelizoea.

Kwa hiyo mkiona uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma sikio mbele, mdomo umepinda upande mmoja, kizunguzungu, kichwa kuuma sana na kutapika, shingo kukakamaa, au usingizi usio wa kawaida kwa mtoto mwenye sikio la usaha, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Sasa matibabu ya sikio sugu, ambayo msingi wake ni kitu kisichouzwa dukani: kulikausha. Dawa ya matone haiwezi kupenya kwenye sikio lililojaa usaha. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachofyonza maji, au karatasi laini isiyochanika upesi, kisokote kiwe na ncha, kiingize taratibu kwenye tundu la sikio kikae mpaka kilowe. Kitoe, kitupe, weka kingine kikavu. Rudia mpaka kinachotoka kiwe kikavu. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Usikifunge kwenye kijiti wala njiti ya kiberiti. Baada ya kukausha ndipo unaweka matone aliyoandika tabibu, na kwa sikio lenye tundu mara nyingi ni ya siprofloksasini, kwa muda wa wiki 2 hivi. Mtoto alale ubavu, sikio bovu likiwa juu, weka matone, kisha bonyeza mara kadhaa kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio ili dawa ishuke. Asubiri dakika chache kabla ya kuinuka.

Msiazimane chupa za matone. Baadhi ya matone yana dawa za jamii ya jentamaisini, ambazo zikipita kwenye tundu la ngoma na kufika sikio la ndani zinaweza kuua usikivu wenyewe. Na wakati wa kuoga, ziba sikio kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, halafu itoe ukimaliza. Ziwani asiende mpaka sikio lipone.

Nimekuta masikioni vitunguu vilivyosagwa, maziwa ya mama, mafuta ya kula yaliyochemshwa, mkojo, na majimaji ya majani nisiyoyajua. Siwalaumu waliofanya hivyo, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa anamhangaikia mtoto wake. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibu, na vyote vinaongeza unyevu mahali ambapo dawa ya kwanza ni ukavu. Mafuta ya moto yanaunguza. Sikio ambalo limekaushwa vizuri, likapewa dawa sahihi na bado linaendelea, linapaswa kuonwa na bingwa, kwa sababu tundu la ngoma linaweza kuzibwa kwa upasuaji. Kutoka hapa Igoma hatuna safari ndefu: hospitali ya mkoa ya Sekou Toure iko mjini, na Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 na leo ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya Ziwa, tunaifikia kwa daladala. Wapo wanaovuka ziwa kutoka Ukerewe na wanaosafiri usiku kucha kutoka Kigoma kuifikia hospitali hiyo. Sisi tulio jirani nayo hatuna sababu ya kukaa na sikio bovu miaka 8.

Hapo hapo kwenye sikio, niseme juu ya vijiti vya pamba, funguo, vifuniko vya kalamu na kucha ndefu. Nta ya sikio si uchafu. Mwili unaitengeneza makusudi ilinde ngozi ya ndani na kunasa vumbi, kisha inatoka yenyewe polepole, ikisukumwa na ngozi inayokua na kwa mwendo wa taya unapotafuna. Ukiingiza kijiti unaitoa kidogo na kuishindilia iliyobaki mpaka inakuwa gogo linaloziba. Mtu anaoga asubuhi, kisha anasema ghafla amekuwa kiziwi wa sikio moja. Nta hiyo italainishwa kwa matone na kutolewa zahanati. Kipande cha sikio unachopaswa kukisafisha ni kile tu ambacho kidole chako chenye kitambaa kinaweza kukifuta kwa nje.

Mwaka 2013 madaktari wa Bugando walichapisha uchunguzi wa miaka 5 juu ya wagonjwa 456 walioumia sikio, pua au koo. Ungetarajia ajali za barabarani na ugomvi viongoze. Viliachwa mbali. Zaidi ya nusu ya wagonjwa waliumizwa na vitu vilivyoingia mahali pasipostahili, na kiungo kilichoongoza kwa kuumia ni sikio. Punje za mahindi, maharage, shanga, vipande vya pamba, wadudu. Mgonjwa wa namna hii huharibiwa zaidi na mkono unaojaribu kukitoa kitu kwa pini ya nywele. Kitu kilichokuwa karibu na mlango kinasukumwa mpaka kwenye ngoma.

Mdudu aliye hai akiingia, mende kwa mfano, kwa mtoto aliyelala chini, anatisha na anauma kweli. Kama sikio hilo halijawahi kutoa usaha wala halina tundu, weka mafuta ya kula yaliyo vuguvugu tu, mdudu afe, kisha nenda akatolewe. Kwa harage au punje ya mahindi usimimine maji kabisa, itavimba na kukaza. Na betri ndogo za duara, zile za saa na vidoli, ziwe sikioni, puani au zimemezwa, hazisubiri. Umeme wake unaunguza nyama ya mwili ndani ya saa 2. Hata kama mtoto anacheza na kucheka, mkimbize.

Puani nitapita kwa haraka zaidi, isipokuwa mambo mawili.

La kwanza ni damu. Karibu kila mtu hapa amefundishwa amwinamishe kichwa nyuma anayetokwa damu puani. Acheni. Damu inateremka kooni, inamezwa, anatapika, na kwa mtoto inaweza kumpalia. Mkalishe, ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili bila kuachia kwa dakika 10 hadi 15, apumue kwa mdomo, na damu ya mdomoni aiteme. Damu nyingi hutoka mbele ya pua, mahali penye mishipa midogo iliyo juu juu, na hukoma kwa kubana. Utafiti mwingine wa Bugando wa mwaka 2011, kwa wagonjwa 104 waliotokwa damu puani, ulikuta kuumia kunaongoza kati ya sababu zilizojulikana, na shinikizo la damu nalo lilikuwa na sehemu yake. Kwa hiyo mzee anayetokwa damu puani bila kuguswa apimwe presha. Isipokoma baada ya kubana mara mbili kwa muda kamili, hospitali.

La pili ni zile tunazoziita nyama za puani. Ziko kwenye ule uwazi wa nyuma niliowaeleza mwanzoni, karibu kabisa na midomo ya mirija ya masikio. Kila mtoto anazo. Hukua zaidi kati ya miaka 3 na 7, kisha hunywea zenyewe kadiri anavyokua. Zikivimba kupita kiasi mtoto analala mdomo wazi, anakoroma kama mtu mzima, anashtuka usingizini, na mchana anasinzia. Hilo mzazi analiona. Asiloliona ni kwamba zimeziba mirija, na nyuma ya ngoma ya sikio yamejaa majimaji mazito, bila maumivu, bila homa na bila usaha. Mtoto huyo anasikia nusu nusu. Darasani amekaa nyuma kati ya wanafunzi wengi, mwalimu akimwita haitiki, imla akiandika anakosea, akiulizwa anakaa kimya. Anachapwa kwa ukaidi. Walimu mlioko hapa, mtoto wa namna hiyo mleteni dawati la mbele wiki hiyo hiyo, na mwiteni mzazi wake ampeleke akapimwe masikio. Wengi hupona wenyewe kadiri muda unavyopita, wengine hupewa dawa ya kupuliza puani, na wachache hufanyiwa upasuaji mdogo wa kuziondoa nyama hizo.

Mafua ya aleji, ya kupiga chafya asubuhi na macho kuwasha, yanachochewa sana na vumbi la barabara na moshi. Yanatulizwa kwa kukaa mbali na kinachoyachochea na kwa dawa za kupuliza zinazotumika kila siku. Yale matone ya kuzibua pua haraka yasizidi siku 5. Ukizidisha, pua inazoea na kuziba zaidi. Mtoto akitokwa na kamasi lenye harufu mbaya kwenye tundu moja tu la pua, tafuta harage au kipande cha sifongo ndani yake kabla ya kutafuta dawa.

Sasa koo, na hapa nitakaa.

Bado watoto wanakatwa vimeo katika mkoa huu. Najua kwa kuwa tunawapokea. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo. Pamoja na kaakaa laini, kinasaidia kuifunga njia ya pua unapomeza ili chakula kisirudi puani, na kinalilowesha koo. Mtoto akiwa na kikohozi kirefu, anatapika akikohoa, hanenepi, mtu anamwambia mama atazame kooni. Anaona kimeo chekundu, kimevimba, kirefu. Anaambiwa ndicho kinachomkuna mtoto akakohoa. Ukitazama kwa macho tu inaonekana ni kweli kabisa. Lakini kimeo hicho ni chekundu kwa sababu koo lote limewaka kwa ugonjwa ule ule unaomkohoza. Kimevimba pamoja na vingine.

Desturi hii haiko kwetu peke yetu. Iko Ethiopia, Nigeria, Niger na kwingineko, na ni ya miaka mingi. Siwasemi vibaya wazee waliotuachia, walikuwa wanatafuta njia ya kuwaokoa watoto wakati hakukuwa na njia nyingine. Leo njia nyingine ipo. Na madhara tunayaona: mtoto anavuja damu mpaka anapauka, jeraha linaoza, koo linavimba na kuziba pumzi, wembe uliokata watoto wawili au watatu unabeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na pepopunda pia. Kisha, mtoto akinusurika, kikohozi kinabaki pale pale, kwa sababu hakikuwa cha kimeo. Huenda ni kifua kikuu, na nchini mwetu kupimwa na kutibiwa kifua kikuu ni bure. Kikohozi cha wiki 2 kinatosha kuomba kipimo. Huenda ni pumu. Huenda ni nimonia, au kamasi linaloteremka kutoka nyuma ya pua usiku mtoto akilala, na hapo ugonjwa uko puani wakati wembe umepita kooni. Au ni karanga aliyoivuta ikakwama kwenye njia ya hewa. Wiki zilizopotea mkisubiri jeraha la kimeo likauke ndizo wiki ambazo ugonjwa wenyewe ulikuwa unakula mapafu. Hayo hayo nayasema kwa wanaowachokonoa vichanga fizi kwa madai kwamba wana kinachoitwa meno ya plastiki.

Mafindofindo nayo yanatuhangaisha. Koo la kawaida linalokuja na mafua, kamasi na kikohozi ni la virusi, na hakuna antibayotiki inayolitibu. Maji, chai ya vuguvugu, parasetamo, siku chache linapita. Lakini mtoto wa miaka 5 hadi 15 mwenye homa kali, koo linalouma ghafla, mafindo yenye madoa meupe, tezi za shingo zimevimba na hana kikohozi, huyo anaweza kuwa na bakteria ambao mwili ukipambana nao unaweza kuugeukia moyo wenyewe. Wiki 2 au 3 baada ya koo kupona, viungo vinavimba, na vali za moyo zinaanza kuharibika. Vijana wenye umri wa miaka 20 wanaosubiri upasuaji wa vali kwenye taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam, wapo ambao ugonjwa wao ulianza kwa koo la utotoni. Kinachouzuia ni penisilini au amoksilini kwa siku 10 kamili, au sindano moja ya penisilini inayokaa mwilini kwa muda mrefu. Mkinunua kapsuli 6 kwenye duka la dawa kwa kuwa pesa iliyopo inatosha hizo, koo litatulia, bakteria watabaki. Nawaomba wenye maduka ya dawa muhimu mnaonisikia: mama akija na pesa ya kapsuli 6, mwelekezeni zahanati. Watoto walio chini ya miaka 5 wamesamehewa ada katika vituo vya serikali.

Kukata mafindo kuna kipimo chake. Kuugua mara 7 ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au pale yanapoziba pumzi usingizini. Chini ya hapo tunangoja, kwa sababu wengi wanaachana nayo wakikua.

Niingie kwenye samaki, maana sisi ni watu wa ziwa. Sato, sangara, furu, na mapanki tunayoyakaanga na kuyatafuna mpaka mfupa. Mwiba ukikwama, mezani kila mtu ana dawa moja: meza tonge kubwa la ugali bila kutafuna. Mara nyingine unashuka. Mara nyingine tonge linaupigilia mwiba kwenye ukuta wa koo, au linausukuma chini zaidi kwenye umio, mahali ambapo daktari hawezi kuuona kwa taa na kibano. Mwiba uliokwama juu, kwenye mafindo au shina la ulimi, hutolewa kwa dakika chache, mgonjwa akiwa amekaa kwenye kiti. Ule ulioshuka unahitaji darubini na dawa ya usingizi. Na ukitoboa umio, usaha unaingia kifuani, na hapo ni ugonjwa wa kuua. Basi kohoa, tema, kunywa maji kidogo, na usiingize kidole. Ikiwa maumivu madogo yanapungua saa hadi saa, pengine mwiba umepita na umeacha mkwaruzo, utaisha kwa siku moja au mbili. Ikiwa kila unapomeza unachomwa pale pale, mate hayamezeki, shingo inavimba, homa inaanza au kifua kinauma, nenda usiku huo huo. Na usikubali kurudishwa kwa kuwa picha ya eksirei ni safi; miba mingi ya samaki haionekani kwenye eksirei.

Karanga nimezitaja. Bugando, katika watoto walioondolewa vitu kwenye njia ya hewa kwa darubini, karanga ndizo zilizoongoza. Mtoto wa chini ya miaka 4 asipewe karanga nzima, na asile huku anakimbia au analia. Akipaliwa na kushindwa kabisa kupumua, kukohoa au kulia, mwinamishe mbele, mpige mara 5 kati ya mabega kwa kiganja. Isipotoka, na kama amezidi mwaka mmoja, mkumbatie kutoka nyuma, weka ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5. Aliye chini ya mwaka mmoja, mlaze mkononi kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, mgeuze, mbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Rudia mpaka kitoke. Aliyepaliwa akatulia, lakini kuanzia siku hiyo anakohoa au anatoa mlio akipumua, apelekwe hata kama ana nguvu.

Na sauti. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3 kwa mtu mzima, hasa anayevuta sigara, itazamwe kooni kwa darubini. Saratani ya kisanduku cha sauti ikikamatwa mapema inatibika. Tatizo ni wale wanaokuja wakiwa wameshaanza kukosa pumzi. Uvimbe wa shingo usiouma na unaokua nao ni vivyo hivyo.

Nimalizie na kusikia. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2021 ikisema watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na kwamba kwa watoto karibu asilimia 60 ya sababu zake zinazuilika. Chanjo ya nimonia, iliyoingia kwenye ratiba yetu mwanzoni mwa 2013, na ile ya surua na rubela ya mwaka 2014, zinalinda masikio pia. Rubela ikimpata mama mjamzito anaweza kuzaa mtoto asiyesikia. Vijana wa mashine za kusaga, wachomeleaji na wakata vyuma: kelele ya desibeli 85 ni salama kwa saa 8 tu, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatwa nusu. Vaeni vizibo vya masikio. Usikivu uliouawa na kelele haurudi kwa dawa.

Mtoto mchanga anapaswa kushtuka mlango ukibamizwa. Miezi 6 anageukia sauti ya mama asiyemwona. Mwaka mmoja anasema neno la kwanza, miaka 2 anaunganisha mawili. Asipofanya hivyo msimsubiri kwa kuwa baba yake naye alichelewa kusema. Ombeni apimwe. Tangu mwaka 2017 Muhimbili wanapandikiza kifaa cha usikivu ndani ya sikio kwa watoto ambao hawasikii kabisa, lakini ubongo unahitaji kupata sauti mapema, na kila mwaka unaopita faida inapungua. Wengine wanatosheka na kifaa cha kuvaa. Wengine lugha yao itakuwa ya alama, na nchi hii imekuwa na shule ya watoto viziwi Tabora tangu 1963. Mtoto anayeanza kufundishwa alama nyumbani akiwa na miaka 3 anafika shuleni akiwa na lugha.

Kabla ya maswali, mwenye mtoto ambaye sikio lake limetoa usaha kwa zaidi ya siku 14, hata kama leo limekauka, asiondoke. Ninayo taa ya kuangalia sikio na fomu za rufaa. Tutaanza na wadogo.